Moyo wa kupandikizwa ukipiga 100, usikimbilie duka la dawa

"Dokta, moyo unanienda mbio, nimenunua dawa ya kuutuliza." Kwa waliopandikizwa moyo ng'ambo wakarudi Kampala, maneno haya yamezidi sasa.

Moyo wa kupandikizwa kupiga 90 hadi 110 kwa dakika umekaa kitako ndiyo kawaida yake. Ulipotolewa mwilini mwa aliyeuchangia, neva zilikatwa, pamoja na ile ya vagasi inayoushika usikimbie. Breki hakuna. Ukipanda kilima cha Kololo, unangoja adrenalini, homoni inayouharakisha, iufikie kwa njia ya damu, na ukipumzika unachelewa kushuka. Kwa hiyo pasha mwili dakika 10 kabla ya mazoezi.

Muuza dawa asiyejua hayo anakupa verapamili au diltiazemu. Zote mbili hulizuia ini kuvunja takrolimasi, dawa yako ya kuzuia mwili usiukatae moyo. Inajaa kwenye damu, mikono inatetemeka, figo zinaumia. Akikupa propranololi, anaizima hiyo adrenalini unayoitegemea, na ngazi chache tu zinakushinda.

Hesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono kwa dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa nne, kosa la pigo moja linakuwa manne. Yakiwa 100 na yanafuatana sawasawa, endelea na shughuli zako. Yakirukaruka, au yakifika 150 umekaa, pimwa ECG, mchoro wa umeme wa moyo, siku hiyohiyo.

"Basi nipe kidonge cha mapigo." Ngoja kwanza! Mapigo yakivurugika miezi kadhaa baada ya upasuaji, tunashuku mwili unaukataa moyo mpaka vipimo vikanushe: eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), biopsi (kipande kidogo cha moyo cha kuchunguzwa), na kiwango cha takrolimasi. Damu ya kupima takrolimasi hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, na bado watu wanameza kwanza ndipo wanakuja.

"Kifua hakiumi, basi niko salama." Neva za maumivu nazo zilikatwa. Mishipa ya moyo inaweza kuziba kimyakimya.

Na wenzangu wa zamu za dharura: digoksini na atropini hupitia vagasi, kwa hiyo msizitegemee, ya kwanza kupunguza kasi wala ya pili kuiongeza. Moyo ukipiga polepole mno, tayarisheni pesimeka, kifaa cha kuuendesha kwa umeme. Adenosini, sindano ya kukatiza mapigo ya mbio, ni kinyume chake: moyo huu unaihisi kupita kiasi, na miligramu 6 za kawaida zinaweza kuusimamisha kwa muda wa kutisha. Anzeni na 3 au pungufu, mgonjwa akiwa kwenye monita.