Soksi za kufuma kwa mkono: mnachoogopa na ukweli wake

Hapa Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi haina mchezo, na kila mwaka kuna mtu ananiambia anatamani kufuma soksi zake ila ameambiwa asiguse mpaka awe fundi kabisa, yaani aanze na skafu, aende kwenye sweta, soksi zije mwisho. Jamani sio kweli. Soksi inataka vitu vinne tu: kitanzi cha mbele, kitanzi cha nyuma, kuunganisha vitanzi viwili kuwa kimoja, na kuokota vitanzi pembeni. Anayejua mbele na nyuma hivyo viwili vingine anavishika jioni moja. Afu skafu ni kitu kile kile mwanzo mpaka mwisho, wengi wanaichoka katikati wanaitupa, wakati soksi kila siku mbili tatu unaingia sehemu mpya.

Kingine wanachoogopa ni zile sindano tano, wanaona zimechomoza kila upande wanadhani zote zinafuma kwa pamoja. Zinazofuma ni mbili tu, nyingine zimeshikilia vitanzi zinasubiri zamu yao. Mizunguko ya kwanza ndo inasumbua kwa sababu zinaning'inia, ikishafika sentimita mbili tatu kazi inatulia yenyewe mkononi. Kitu cha kuangalia ni kimoja, kabla hujaunga duara hakikisha mstari wa mwanzo haujajisokota kwenye sindano, maana ukiunga umejisokota hakuna dawa, ni kufumua.

Na usiambiwe huwezi kuanza mpaka ununue sindano za bei. Watu wamefumia spoku za baiskeli miaka mingi na zinafaa kweli, spoku ya kawaida ina unene wa milimita 2, sindano za soksi za dukani mara nyingi ni 2.25 au 2.5, kwa hiyo tofauti ni ndogo sana. Kata urefu wa sentimita 20, chonga ncha zote mbili kwa tupa, malizia na msasa mpaka uzi uteleze bila kunasa.

Sasa kipimo. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, na mimi pea yangu ya kwanza iliharibikia hapa hapa, nilipima mzunguko wa mguu ukatoka sentimita 23 nikafuma 23 kamili nikiona ndo usahihi, matokeo yake soksi ilikuwa inashuka na kujikunja chini ya unyayo ndani ya gambuti, nikitoka shambani nina malengelenge. Soksi lazima iwe ndogo kuliko mguu, kama asilimia 10 hivi, ili ivutike na ishike. Mguu wa 22 unataka soksi ya 20. Kwahiyo fuma kwanza kipande cha kujaribia, hesabu vitanzi kwenye sentimita 10, wewe ukipata 32 basi sentimita 20 ni vitanzi 64. Usichukue namba ya mtu mwingine kama ilivyo, mkono wake haukazi uzi kama wako.

Haya, kisigino, kinakuja ukishafuma shingo na mguu kushuka. Watu wanakizungumzia kama siri ya mafundi, na ni hesabu tu, tena hesabu nzuri. Chukua zile 64, nusu yake 32 ziache zipumzike, hizo ni za juu ya mguu. 32 zilizobaki unafuma kwenda na kurudi mistari 32, kila mstari kitanzi cha kwanza unakihamisha bila kukifuma, na pembeni unapata vitanzi vikubwa 16 kila upande kama mnyororo. Afu unageuza: hamisha kimoja, fuma 17, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza kazi hata kama vitanzi vingine bado hujavifikia. Kurudi, hamisha kimoja, fuma 5 kwa nyuma, unganisha viwili, fuma kimoja, geuza. Utaona pengo dogo pale ulipogeuzia, na kuanzia hapo kila mstari unaunganisha kitanzi cha kabla ya pengo na cha baada yake, unafuma kimoja kama kipo, unageuza, basi. Vile ambavyo hukuvifikia vikiisha unabaki na 18 na kile kitambaa kimeshajikunja kuwa kikombe mkononi mwako, aisee mara ya kwanza kuona ile kitu nilimuita mama aje aangalie. Okota 16 huku na 16 kule, jumla na zile za juu ni 82, punguza viwili kila baada ya mzunguko mmoja, mara tisa, umerudi 64.

Kuhusu uzi, wanasema sufu ni ya baridi kali tu na pamba ndo salama. Pamba haivutiki, soksi yake inalegea mapema, na ikilowa jasho inabaki imelowa. Sufu inanyonya unyevu mwingi kabla hujahisi umelowa. Uzi mzuri wa soksi ni sufu asilimia 75 na nailoni 25, ile nailoni ndo inazuia kisigino kutoboka, na gramu 100 zenye mita 400 zinatosha pea ya mtu mzima. Ukikosa, sweta la mtumba lifumue, ila kabla hujalipia ligeuze ndani uangalie mshono wa ubavuni, ukikuta kitambaa kilikatwa kikapigwa ovaloki achana nalo, kila mstari utatoka kipande chake na utabaki na vipande vipande.

Eti kufuma ni kazi ya akina mama? Kisiwa cha Taquile kule Peru wanaume ndo wanafuma, wanaanza wakiwa watoto.

Usifue kwa maji ya moto ukisugua, sufu itajikaza na haitarudi. Maji ya vuguvugu, kamua kwa kubonyeza ndani ya taulo, laza kivulini.

Na soksi ya pili haitalingana kwa kukadiria na macho. Andika idadi ya mistari ya kila sehemu. Karatasi ya pea niliyomaliza juzi inasema shingo 16, mguu 50, kisigino 32, unyayo 58, na nikizilaza moja juu ya nyingine zinalingana mpaka kwenye ncha ya vidole.