Greini ni nini, na "risasi nyepesi" kwenye bastola ndogo maana yake nini

Ukishika boksi la risasi za bastola kwenye duka lolote huku Marekani utakuta namba mbili. Ya kwanza ni aina ya risasi, labda 9mm, labda .380, labda .38 Special, hiyo wengi wanaijua kwa sababu ukikosea hapo risasi haitaingia au hutakiwi kuiingiza. Ya pili ni kama 90, 115, 124, 147, 158 na pembeni yake kumeandikwa gr. Sasa hii gr, yaani greini, ndiyo inayopoteza watu. Nimekaa Texas miaka kadhaa na nimeshawasikia Waswahili wenzangu, watu wazima wenye bastola zao kihalali kabisa, wanasema 147 ni kali kuliko 115 kwa sababu imejazwa baruti nyingi. Hapana jamani. Hiyo namba haipimi kiasi cha baruti.

Nadhani lugha yetu nayo inachangia kidogo, kwa sababu neno risasi kwetu ni kitu kizima unachokiweka kwenye bastola, ni kile kinachotoka na kwenda, na pia ni yale madini mazito ambayo kwa asili hicho kitu kinatengenezwa nayo. Neno moja vitu vitatu. Basi tutenganishe: lile la shaba linalodondoka chini ukishapiga ni ganda, ndani yake kuna baruti, kitakoni kuna kidude kidogo cha kuwasha hiyo baruti, na mbele kabisa kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Greini inapima uzito wa kichwa peke yake. Basi.

Na greini yenyewe ni kipimo cha zamani sana cha Waingereza, asili yake ni punje ya nafaka, punje ya shayiri au ngano. Ratili moja ni greini 7,000. Greini moja ni kama miligramu 65, na wahudumu wa afya wenzangu watanielewa haraka hapa maana ile aspirini ya kawaida ya Marekani ya miligramu 325, hiyo namba ya ajabu ajabu, imetokana na greini 5. Kwa hiyo kichwa cha greini 124 ni gramu 8, uzito wa vijiko viwili vidogo vya sukari. Cha 158 ni gramu 10 na kidogo, cha 90 hakifiki gramu 6.

Haya, "nyepesi" ni nyepesi kulinganisha na nini? Hakuna uzito mmoja unaoitwa mwepesi, kila aina ina kiwango chake. Kwenye 9mm 115 ndiyo nyepesi ya kawaida na 147 ndiyo nzito, kwenye .38 Special uzito wa jadi ni 158 kwa hiyo 110 ni nyepesi, na kwenye .380 vichwa vingi viko 90 au 95 kwa hiyo humo hamna uwanja mkubwa wa kuchagua. Zipo pia za 9mm za greini 50 tu, za shaba, zinakwenda kasi sana. Mtu akikwambia nunua nyepesi muulize kwanza nyepesi ya aina gani.

Kinachofanya watu watafute nyepesi ni teke. Bastola ndogo ya kubeba kwa siri chini ya nguo inapiga teke kuliko kubwa na hili halihitaji utaalamu, kichwa kinakwenda mbele bastola inarudi nyuma, na bastola ikiwa nyepesi inarudi kwa kasi zaidi. Ukipiga risasi ile ile kwenye bastola yenye nusu ya uzito, nguvu ya teke inakuwa mara mbili. Glock 19, bastola ya 9mm ya ukubwa wa kati, na magazini yake tupu ina kama gramu 670. Rivolva ndogo (ile bastola ya silinda inayozunguka) ya Smith & Wesson 642 ina gramu 400 na kitu. Ruger LCP ya .380 haifiki hata gramu 300, ni nyepesi kuliko simu mbili. Ndiyo maana mtu anaingia dukani anaipenda kwa sababu inakaa mfukoni, halafu akiipiga mara tano hataki kuishika tena.

Mimi yalinikuta hayo hayo. Nilinunua rivolva ndogo kwa sababu natoka kazini usiku wa manane na maegesho yetu yako mbali na giza, nikauziwa risasi za greini 158 zenye alama ya +P, maana yake zimejazwa presha kuliko kawaida, nikaambiwa hizi ndizo za maana. Nikapiga kumi. Kiganja kiliuma siku mbili, na kibaya zaidi nilianza kufumba macho kabla ya kuvuta triga, nikakaa miezi bila kwenda renji, yaani uwanja wa kulenga shabaha. Bastola ikawa kitu ninachobeba na siwezi kukitumia, na hiyo ni hatari kwangu na kwa mtu mwingine yeyote aliye karibu. Mwalimu mmoja mzee wa pale renji akanipa za 110 za kawaida zisizo na +P nijaribu, na siku ile ile nikapiga hamsini.

Ila sasa hapa ndipo nataka watu waelewe vizuri, sio kwamba greini ndogo siku zote ina teke dogo. Teke linatokana na uzito wa kichwa ukizidisha na spidi yake, na vichwa vyepesi kawaida vinasukumwa kwa spidi kubwa. Chukua 9mm, 115 inatoka kama mita 350 kwa sekunde kwenye bastola ya kawaida, 147 inatoka kama mita 300. Ukipiga hesabu tofauti haifiki hata asilimia kumi, na hiyo nyepesi mara nyingi ndiyo yenye baruti nyingi zaidi, ambayo nayo inaongeza teke lake. Kwa hiyo tofauti unayoisikia ni ya aina ya teke, 115 ni kama kofi la ghafla, 147 ni kama mtu anakusukuma. Wapo wengi wanaoona 147 ni laini zaidi mkononi. Federal wana 9mm ya teke dogo ambayo ni greini 135, nzito kuliko ile 115 ya kawaida, wameipunguza spidi tu. Kwa hiyo usisome greini peke yake, soma na spidi kwenye boksi, na uangalie kama kuna +P.

Halafu kuna mtutu. Mtutu wa rivolva ndogo haufiki sentimita 5, na spidi iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi imepimwa kwa mtutu mrefu zaidi, kwa hiyo kwako itakuwa pungufu. Zile risasi zenye tundu kichwani zimetengenezwa zipanuke zikiingia, na zikikosa spidi zinaweza zisipanuke. Na zikiwa nyepesi sana zikapanuka mapema zinaweza zisifike ndani ya kutosha. Hili lilishagharimu maisha. Tarehe 11 Aprili 1986 huko Miami maafisa wa FBI, wapelelezi wa serikali ya shirikisho, walipambana na majambazi wawili wa benki, na mapema kwenye mapambano yale jambazi mmoja, Michael Platt, alipigwa risasi ya 9mm ya greini 115 ambayo ilipita mkononi ikaingia kifuani ikasimama kabla ya kufika moyoni. Akaendelea kupiga. Maafisa Jerry Dove na Benjamin Grogan walikufa siku hiyo, wengine watano wakajeruhiwa. Baada ya hapo FBI waliweka majaribio ya jeli, yaani kupiga risasi kwenye jeli inayoiga nyama ya mwili, kichwa kiingie angalau inchi 12 na kisizidi 18, yaani sentimita 30 mpaka 46, na mpaka leo kampuni za risasi zinapima kwa kigezo hicho. Ukichagua nyepesi tafuta ambayo imepimwa kwa mtutu mfupi kama wako.

Kuna na suala la bastola yenyewe. Zile za slaidi, yaani chuma cha juu kinachorudi nyuma kila ukipiga, zinahitaji teke la kutosha ili slaidi irudi na kuingiza risasi inayofuata, kwa hiyo risasi laini mno inaweza kukwama. Rivolva nyepesi ina shida ya kinyume, ukiweka vichwa vizito vyenye nguvu, teke linaweza kuvichomoa taratibu vile ambavyo havijapigwa bado mpaka vikajitokeza mbele na silinda ikagoma kuzunguka. Na Smith & Wesson 340PD, ambayo ni rivolva nyepesi kupindukia, watengenezaji wanakataza risasi za .357 Magnum, aina kali kuliko .38 Special, zenye kichwa chini ya greini 120. Soma kitabu cha bastola yako, kweli kabisa.

Na kabla ya yote hayo angalia sheria, hasa sisi tuliokuja. Mwenye viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa sheria ya shirikisho hapaswi kumiliki bastola wala risasi isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji, mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa. New Jersey wana vikwazo vyao kwa risasi zenye tundu kichwani, hivyo ukivuka jimbo usidhani mambo ni yale yale.

Kitu cha mwisho nilichogundua ni kwamba ukibadilisha greini unabadilisha na mahali zinapogonga. Rivolva nyingi ndogo saiti zake, vile vya kulengea, hazisogezwi na zimepangwa kwa 158, na kichwa chepesi chenye kasi kinatoka mapema kabla mtutu haujainuka sana, kwa hiyo kinagonga chini. Yangu kwa hatua saba inagonga upana wa vidole viwili chini ya pale ninapolenga. Nimeizoea, nalenga juu kidogo.