Homa ya moshi mweupe: oksaidi za metali zinavyoichokoza kinga ya mwili

Fundi anachomelea fremu ya bomba za gavanaizi, yaani chuma kilichopakwa zinki, tangu asubuhi, kibanda kimezibwa mabati pande tatu, moshi mweupe unamzunguka na yeye anaendelea tu na kazi. Jioni anafunga yuko vizuri. Saa mbili usiku anaanza kutetemeka, viungo vinauma, kifua kinabana, anakohoa kikavu na mdomoni kuna ladha ya chuma. Nyumbani wanasema hiyo malaria, anameza mseto, kesho yake jioni au keshokutwa yuko kazini na kila mtu anaamini dawa imemponya. Kumbe mara nyingi angepona hata bila ile dawa, maana kilichomlaza ni kinga yake mwenyewe ikipambana na chembe za zinki alizovuta mchana. Tafadhali lakini, homa ni homa, kapime malaria kwanza, usije ukasema nimesoma mahali ni moshi tu halafu ukakaa nayo ndani.

Mimi kazi yangu ni kinga ya mwili na chembe ndogo sana za metali, zile tunazoita nano, yaani kuanzia nanomita 1 mpaka 100. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa nanomita 7,000 na kitu, sasa pata picha. Na watu wakisikia nano wanafikiria maabara za Ulaya na Marekani, wakati viwanda vikubwa vya hizi chembe viko hapo barabarani kwenye vibanda vya mafundi. Zinki inachemka kwenye nyuzijoto 907, chuma kinayeyuka kwenye kama 1,500, kwa hiyo ukigusisha elektrodi kwenye bomba la gavanaizi ile zinki ya juu inageuka mvuke kabla chuma hakijaanza hata kuyeyuka, mvuke unakutana na oksijeni ya hewani, unakuwa oksaidi ya zinki papo hapo, na unapoa ukiwa chembe za makumi machache ya nanomita zilizoshikana kama minyororo. Ndo ule moshi mweupe. Ndo ile pamba nyeupe unayoikuta imeganda pembeni ya jointi.

Udogo wenyewe una shida gani? Chukua gramu moja ya oksaidi ya zinki kama kipande kimoja, eneo lake la nje ni kama sentimita mraba mbili. Ile ile gramu moja ukiigawa kuwa chembe za nanomita 20, eneo la nje linafika kama mita mraba 50. Kemia yote ya kuyeyuka, kushika protini, kugusa seli, inatokea kwenye uso wa nje, kwa hiyo kitu ambacho kikiwa kipande hakina neno na mtu, kikisagwa hivyo mwili unakutana nacho kwa nguvu nyingine kabisa. Halafu udogo huo unazifikisha mpaka kwenye vifuko vya hewa chini kabisa ya mapafu, ambako hakuna kamasi wala vinyweleo vya kuzipandisha juu.

Kule chini kuna walinzi, makrofeji, seli kubwa ambazo kazi yake ni kumeza chochote kigeni. Makrofeji ikimeza chembe inaipeleka kwenye lisosomu, kifuko chenye asidi, pH kama 4.5 hivi. Ikiwa imemeza bakteria, mara nyingi hiyo ni habari njema kwa mwili. Kwa oksaidi ya zinki ni hatari, kwa sababu zinki inayeyuka vizuri sana kwenye asidi, kwa hiyo seli inajikuta imejaza ayoni za zinki, yaani zinki iliyoyeyuka yenye chaji ya umeme, ndani yake yenyewe, nyingi kuliko inavyoweza kuzishika, mitokondria, vinu vya nishati vya seli, zinaharibika, zinatoa oksijeni kali zinazounguza kila kitu karibu, na seli inapiga kelele. Kelele za seli ni protini tunazoita saitokaini. TNF inatoka mapema ndani ya masaa machache, IL-6 na IL-8 zinafuata. IL-8 inaita nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, zinamiminika kwenye mapafu kutoka kwenye damu. TNF na IL-6 zinasafiri na damu mpaka kwenye ubongo, sehemu inayopanga joto la mwili, na hapo homa inapanda. Ukihesabu hizo hatua zote ndo unaelewa kwa nini homa inakuja masaa manne mpaka kumi na mbili baada ya moshi na sio palepale. Hakuna mdudu hata mmoja kwenye hii hadithi, mwili umejipigia alamu wenyewe kwa sababu ya metali.

Kitu kinachonivutia zaidi ni kwamba homa hii inazoeleka. Mafundi Ulaya na Marekani waliiita homa ya Jumatatu zamani sana, kwa sababu Jumatatu inapiga kweli, Jumatano Alhamisi mtu haumwi, akipumzika wikiendi Jumatatu inarudi tena. Sababu mojawapo inayoaminika ni protini inaitwa metalothionini, ambayo seli zinaitengeneza kwa wingi zikishaonja zinki, inashika zile ayoni zisizurure, halafu ukikaa siku mbili bila moshi inapungua. Sasa mafundi wengi wanachukulia kuzoea ni kupona, wanakwambia mimi moshi haunisumbui tena nimekomaa. Homa imenyamaza, moshi unaingia kama kawaida, na kwenye moshi wa kuchomelea hakuna zinki peke yake, kuna manganizi, kuna kromiamu ukichomelea stenlesi, na mwaka 2017 IARC, shirika la WHO la utafiti wa saratani, waliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu.

Na viwango vya sheria visikulaze usingizi. Marekani kikomo cha moshi wa oksaidi ya zinki kazini ni miligramu 5 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa masaa nane. Mwaka 2018 watafiti wa Bochum, Ujerumani, walitoa matokeo ya watu wenye afya waliojitolea kuvuta chembe nano za oksaidi ya zinki kwa masaa manne, na alama za uvimbe kwenye damu zilianza kupanda kwenye miligramu 1 tu. Moja! Nikisoma namba kama hiyo nafikiria vibanda vyetu visivyo na hata dirisha.

Maziwa sasa. Kila fundi anakwambia kunywa maziwa yanasafisha kifua. Maziwa yanaenda tumboni, zinki iko kwenye mapafu, havikutani popote. Kunywa kwa afya yako ila usiyategemee kwa moshi. Kinachosaidia ni kusaga ile gavanaizi kwa grainda inchi mbili mpaka nne kila upande wa jointi kabla hujachoma (umevaa barakoa, maana hata vumbi la kusaga sio la kuvuta), kuchomelea mahali hewa inapita na upepo ukitokea ubavuni kwako, kuondoa kichwa juu ya moshi, na kuvaa barakoa ya N95 au FFP2 inayobana usoni vizuri. Watu wananiuliza barakoa itakamataje vitu vidogo hivyo, na jibu linawashangaza, N95 inapimwa kwa chembe ndogo sana, karibu na ukubwa ulio mgumu kuliko wote kuukamata, zilizo ndogo zaidi zinayumbayumba hewani mpaka zinajigonga kwenye nyuzi zenyewe. Kitambaa cha kufunga mdomoni hapana, hakifanyi hiyo kazi.

Ila msitoke hapa mkiamini oksaidi zote za metali zinafanya hivi, maana kila moja ina tabia yake. Titani dioksaidi, ile ya rangi nyeupe ya ukutani na dawa nyingi za meno, haiyeyuki kwenye ile asidi. Makrofeji inaimeza na inabaki nayo. Hakuna homa ya usiku, kuna mrundikano wa taratibu, na ndani ya utumbo wa binadamu imeonekana imejikusanya kwenye viraka vya Peyer, vituo vya kinga vilivyo kwenye ukuta wa utumbo. Umoja wa Ulaya waliiondoa kwenye chakula mwaka 2022, ile yenye namba E171. Krimu ya jua yenye zinki au titani kwa ngozi isiyo na kidonda ni habari tofauti, chembe zinaishia kwenye tabaka la juu lililokufa, kwa hiyo ndugu zetu wenye ualbino msiache kupaka hata siku moja. Ninayoikataa ni ya kupuliza, kwa sababu hiyo unaivuta.

Oksaidi ya chuma nayo hospitalini ni dawa. Ferumoksitoli iliruhusiwa Marekani mwaka 2009 kwa upungufu wa damu kwa wagonjwa wa figo, ni chembe nano zilizovishwa koti la sukari ili kinga isizishtukie haraka, na bado wachache wanapata mzio mkali, ndo maana tangu 2015 inatolewa taratibu kwa dripu na mgonjwa anaangaliwa angalau dakika 30. Ukiingiza chembe kwenye damu protini zinazirukia ndani ya sekunde, zinazifunika, na kinga inasoma lile vazi la protini kabla haijaigusa metali yenyewe.

Neno kwa wanafunzi wanaoanza utafiti huu. Chembe nano zinabeba endotoksini, mabaki ya ukuta wa bakteria, kirahisi mno, kwenye maji, kwenye vyombo, popote. Endotoksini kidogo tu inatosha kufanya makrofeji itoe TNF, na wewe ukaandika kwamba ni oksaidi. Na kipimo cha kawaida cha endotoksini kinaweza kuvurugwa na chembe zenyewe, kwa hiyo weka kiasi unachokijua ndani ya sampuli uone kama kipimo kinakirudisha, kabla hujaamini grafu yoyote.