“Shall”: anayedaiwa ni nani?

Kuna maelezo yanayorudiwa kila mara, darasani na maofisini, kwamba “shall” ni “will” ya heshima. Barua ya kawaida iwekee “will”. Ukitaka ionekane rasmi, weka “shall”. Kwa maelezo hayo, watu waliosoma vizuri kabisa wanasaini mikataba wakidhani wanasoma habari za wakati ujao, na makatibu wanaandika kumbukumbu za vikao ambazo zinasomeka kama amri wakati kikao kilikuwa kinataja mipango tu.

Maana yenyewe ni fupi. Katika sheria, mkataba au kanuni, “shall” humtwisha mtu wajibu. “The tenant shall pay” inasema mpangaji anawajibika kulipa, na asipolipa amevunja mkataba. Haitabiri kama atalipa au hatalipa.

Wajibu huo haukubandikwa na wanasheria. Umo ndani ya kitenzi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kile cha kabla ya mwaka 1066, kitenzi hiki kiliandikwa “sceal”, na moja ya maana zake za zamani ni kudaiwa, hata kudaiwa mali. Katika tafsiri ya kale ya Injili ya Luka, sura ya 16, wakili, yaani msimamizi wa mali, anapowaita wadeni wa bwana wake na kuwauliza wanadaiwa kiasi gani, kitenzi alichotumia ndicho hiki hiki. Kijerumani, ambacho ni ndugu yake, mpaka leo kinasema “Schuld” kwa maana ya deni na pia ya hatia. “Should” nayo ni umbo la wakati uliopita la “shall”, ndiyo maana bado inanukia wajibu.

“Will” ilitoka upande mwingine kabisa: maana yake ilikuwa kutaka. Ndiyo maana wosia huitwa “will”, kwa kuwa ni matakwa ya marehemu. Kiingereza basi kilikuwa na njia mbili za kuufikia wakati ujao, moja ikipita kwenye deni na nyingine kwenye matakwa. Kiswahili kilishika ile ya pili. Wanaisimu wengi wanaona “-ta-” yetu imetokana na “taka”, na alama yake bado ipo tunaposema “atakayekuja”. Wakati ujao uliozaliwa na deni hatuna, kwa hiyo “shall” inapoingia Kiswahili inavalishwa “-ta-”, na uzito wake unajificha. Soma ibara ya 33 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977: “Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano.” Hakuna anayetabiri pale. Ibara inaanzisha cheo.

Heshima inayodaiwa ilitoka wapi? Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Uingereza, alichapisha sarufi ya Kiingereza iliyoandikwa kwa Kilatini. Alifundisha kwamba katika nafsi ya kwanza “shall” hutabiri tu, na “will” huahidi au hutisha; katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka. Shule ziliishika kanuni hiyo kwa vizazi, na “I shall” ikawa dalili ya mtu aliyesoma. Kilichobaki vichwani mwa watu ni ile dalili, kanuni yenyewe ikasahaulika. Na kanuni yenyewe inaipinga dhana ya heshima, kwa sababu mikataba na sheria huandikwa katika nafsi ya tatu, na hapo hata Wallis hakuiona “shall” kuwa utabiri.

Hata hivyo lawama si za wasomaji peke yao. Waandishi wa sheria waliipenda “shall” kupita kiasi, wakaipachika mahali ambapo hakuna anayedaiwa chochote. “This Act shall be called” inamdai nani? Sheria haiwezi kuwajibika kuitwa jina lake. Kitenzi kikibebeshwa amri, tamko, sharti na wakati ujao kwa pamoja, mahakama hulazimika kuuliza kila mara ni kipi kilichokusudiwa. Mwaka 1995, katika shauri la Gutierrez de Martinez dhidi ya Lamagno, Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikiri kwamba katika maandiko ya kisheria “shall” wakati mwingine humaanisha “may”, yaani ruhusa. Ni umbali mkubwa kutoka kwenye deni.

Kenya ililiona jambo hili kwa uchungu zaidi. Ibara ya 81 ya Katiba ya mwaka 2010 inataka jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, na neno lililotumika ni “shall”. Je, ni sasa hivi au taratibu? Desemba 2012 Mahakama ya Juu, kwa wingi wa majaji, ilitoa maoni kwamba kwa Bunge na Seneti hilo litekelezwe hatua kwa hatua, na sheria ya kulitekeleza iwe imepatikana kufikia tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana na wenzake. Tarehe ile ilipita bila sheria. Mimi naona maneno ya ibara yalistahili kusomwa kama deni lililokwisha kuiva, lakini nakiri kwamba ibara haikumtaja mdaiwa, na mwanya ulianzia hapo.

Wengine wameamua kuachana na kitenzi hiki. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 hutumia “must” panapokuwa na wajibu. Marekani ilipoandika upya kanuni za mashauri ya madai ya mahakama za shirikisho mwaka 2007, “shall” zilifagiliwa, zikawekwa “must”, “may” au “should” kulingana na muktadha. Kisha ikaja kanuni ya 56, inayohusu hukumu ya bila kusikiliza shauri zima pale ambapo hakuna ubishi juu ya mambo ya msingi. Waliiwekea “should”, wanasheria wakabishana kama sasa jaji ana hiari, na mwaka 2010 “shall” ikarudishwa pale kwa makusudi. Wahandisi wao hawakusumbuka: mwongozo wa RFC 2119 wa mwaka 1997, unaotumiwa na wanaoandika viwango vya intaneti, ulitangaza mapema kwamba “shall” ni sawa na “must”, ukamaliza.

Basi ndugu katibu, kikao kikisema kinatarajia kukutana mwezi ujao, andika “will”. Barua yako haitapungukiwa adabu. Na wewe unayeletewa mkataba, kila ukikuta “shall” tazama jina linaloitangulia. Likiwa la mtu au kampuni, huyo ndiye mwenye wajibu. Likiwa “malipo”, “notisi” au “ukarabati”, omba sentensi iandikwe upya kabla hujasaini, ili ijulikane nani analipa, nani anatoa notisi na nani anakarabati.