Mjumbe wa Marathon na mipaka ya ushahidi
Wengi tumefundishwa kwamba mwaka 490 kabla ya Kristo mjumbe Pheidippides alikimbia kutoka uwanda wa vita wa Marathon hadi Athens, akatangaza ushindi dhidi ya Waajemi, kisha akaanguka na kufa. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa kale na chanzo chetu kikuu, hazitaji mbio hizo. Kwake mjumbe huyo alitumwa Sparta, mji mwingine wa Wagiriki, kuomba msaada kabla ya vita, akafika siku ya pili. Kisa cha kifo tunakikuta kwa mwandishi Mgiriki Plutarch, zaidi ya miaka 500 baada ya vita, tena mjumbe akiitwa kwa majina mengine. Hata mapigano yenyewe ni vigumu kuyajenga upya: Herodotus anasema Waajemi walichagua uwanda huo kwa kuwa uliwafaa wapanda farasi, lakini anaposimulia vita, farasi hao hawaonekani kabisa.