Septemba ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo: yanayosemwa na yaliyo kweli

Dhana: Timu inayoongoza orodha ya Agosti ndiyo inayoongoza mbio za ubingwa.

Orodha ya shirika la habari la Associated Press ni kura ya waandishi na watangazaji wa michezo. Kila mpiga kura hupanga timu 25: ya kwanza hupata pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo hadi ya mwisho inayoambulia 1. Kura ya Agosti hupigwa kabla mechi hata moja haijachezwa, kwa hiyo kinachopimwa hasa ni matokeo ya mwaka uliopita, majina ya wachezaji na sifa ya chuo. Mwaka 2025 Texas iliongoza kura hiyo kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikasafiri hadi Columbus kufungua msimu na kulala 14-7 mbele ya Ohio State. Ilipofika Desemba haikuwamo hata katika timu 12 za mtoano. Indiana, iliyotwaa ubingwa wa msimu huo, ilikuwa imepewa nafasi ya 20.

Tena kura hiyo haimwingizi mtu kwenye mtoano. Kazi hiyo ni ya kamati ya wajumbe 13, na kamati haitoi orodha yake ya kwanza hadi mwisho wa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba.

Dhana: Ukifungwa Septemba na timu ndogo, msimu umekwisha.

Mwaka 2014 Ohio State ilifungwa nyumbani na Virginia Tech 35-21 katika mechi yake ya pili. Januari iliyofuata iliichapa Oregon 42-20 na kubeba kombe. Septemba 2024 Notre Dame, ikiwa ya 5 kwenye orodha, iliduwazwa kwenye uwanja wake na Northern Illinois, 16-14. Ilishinda mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida na kufika fainali.

Kinyume chake ni kweli pia, na hapo mashabiki hujidanganya zaidi. Florida State ilifungua msimu wa 2025 kwa kuipiga Alabama 31-17. Msimu ulipoisha Florida State ilikuwa imeshinda 5 na kupoteza 7, na Alabama ndiyo iliyocheza mtoano.

Sababu ni ya kiufundi. Timu za NFL, ligi ya kulipwa, hupasha moto kwa mechi za majaribio. Za vyuo hutoka mazoezini moja kwa moja hadi kwenye mechi inayohesabiwa. Wachezaji wengi wamehamia miezi michache tu iliyopita, na safu ya mbele ya ushambulizi, watu watano wanaopaswa kusogea kama mmoja, ndiyo inayochelewa kuzoeana. Kwa hiyo katika mechi za mwanzo acha matokeo kidogo, uhesabu mambo mawili: adhabu za yadi 5 kabla mpira haujaanza kuchezwa (mtu kujitikisa mapema, muda wa kuanzisha mchezo kuisha), na makosa ya vikosi maalumu vya mateke. La kwanza hupungua kwa mazoezi. La pili laweza kukugharimu mechi nzima: mwaka 2007 Michigan, ya 5 kwenye orodha, ilipoteza 34-32 kwa Appalachian State ya FCS, daraja lililo chini ya lile la vyuo vikubwa, baada ya teke lake la mwisho la kufunga kuzuiwa.

Dhana: Timu ndogo hukubali kipigo bure.

Hulipwa, na vizuri. Appalachian State ilipewa dola 400,000 kwa safari ile ya Michigan. Northern Illinois ilipata dola milioni 1.4 kutoka Notre Dame. Kwa idara ndogo ya michezo, hundi moja ya namna hiyo hubeba sehemu kubwa ya bajeti. Mwenyeji naye ana hesabu yake: ili aalikwe kwenye mechi za mwisho wa mwaka anahitaji kushinda 6 kati ya 12, na ushindi mmoja tu dhidi ya timu ya FCS ndio unaohesabiwa. Anayepanga mbili za aina hiyo amejifunga kamba mwenyewe.

Dhana: Yadi chache za kukimbia maana yake timu haijui kukimbia.

Angalia kwanza kwotabeki, mchezaji anayeongoza ushambulizi na kurusha pasi, ameangushwa mara ngapi akiwa na mpira nyuma ya mstari wa kuanzia mchezo. Katika takwimu za vyuo, yadi zinazopotea hapo hukatwa kwenye hesabu ya kukimbia. NFL huzikata kwenye pasi za timu. Tuseme karatasi inaonyesha mbio 38 kwa yadi 120, yaani kama 3.2 kwa mbio. Ndani yake kuna kuangushwa mara 5 kwa hasara ya yadi 35. Ondoa hizo: mbio 33, yadi 155, wastani 4.7. Tatizo la timu hii ni ulinzi wa kwotabeki, wala si kukimbia, na dawa zake ni tofauti kabisa.

Dhana: Mchezaji wa mwaka wa kwanza akigusa uwanja tu, amechoma mmoja wa misimu michache anayoruhusiwa kuchezea chuo.

Ilikuwa hivyo zamani. Mwaka 2018 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, iliruhusu mchezaji aonekane katika mechi hadi 4 bila kupoteza msimu. Hata kucheza sekunde kumi tu ni mechi nzima katika hesabu hiyo, ndiyo maana makocha huwagawia chipukizi mechi hizo kwa ubahili. Kuna upande mchungu pia: kabla ya mechi ya tano, mchezaji asiyeridhika anaweza kuacha kucheza, kuhifadhi mwaka na kuhama. Kwotabeki wa UNLV aliondoka Septemba 2024 timu yake ikiwa imeshinda mechi zote 3.

Dhana: Kocha akikaa kimya kuhusu majeruhi, hakuna majeruhi.

Konferensi ya SEC, kundi la vyuo vinavyoshindana vyenyewe kwa vyenyewe, ilianza mwaka 2024 kulazimisha ripoti za wachezaji watakaokosekana, lakini kwa mechi za ndani ya konferensi tu. Mechi nyingi za Septemba ni za nje yake, kwa hiyo kocha wa SEC hana wajibu huo. Utazame mwenyewe nani amevaa sare wakati wa kupasha moto.

Na kwa anayefuatilia akiwa Nairobi au Dar es Salaam: mechi inayoanza saa 6 mchana New York huanza saa 1 usiku kwetu, na ile ya saa 1:30 jioni huanza saa 8:30 usiku wa manane. Mwanzoni mwa Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, nazo zinasogea hadi saa 2 usiku na 9:30.