"Habari gani?" ikijibiwa "Nzuri"

Nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha Marekani, na kila mwaka huwa nashiriki kuandaa usiku wa Kwanzaa, sikukuu ya Wamarekani Weusi ya kuenzi asili yao ya Kiafrika. Sikukuu yenyewe ni kuanzia tarehe 26 Desemba hadi 1 Januari, lakini siku hizo mabweni huwa matupu, kwa hiyo vyuo vingi huitangulia mapema Desemba. Mezani hutandikwa mkeka, juu yake kinara cha mishumaa saba: mmoja mweusi katikati, mitatu myekundu upande mmoja, mitatu ya kijani upande wa pili.

Mwaka mmoja binti Mmarekani Mweusi aliyeongoza shughuli alishika kipaza sauti akaita, "Habari gani?" Kijana wa Mwanza aliyekaa nyuma akajibu kwa nguvu, "Nzuri!" Wenzake wa Nairobi na Bujumbura wakaangua kicheko. Jibu lililosubiriwa lilikuwa "Umoja!", maana Kwanzaa ina nguzo saba, moja kwa kila siku, na salamu hiyo hujibiwa kwa kutaja nguzo ya siku. Binti alinyamaza, macho kwenye karatasi yake, na kidole kikitafuta mstari aliouacha.

Shughuli ilipokwisha, kijana alinifuata. "Shikamoo, mwalimu. Samahani, lakini hiki ni Kiswahili gani?"

"Marahaba. Kaa."

Nilimweleza kwamba Kwanzaa ilianzishwa na Maulana Karenga, mwanaharakati Mmarekani Mweusi, mwaka 1966, huko California, mwaka mmoja baada ya ghasia za mtaa wa Watts mjini Los Angeles. Jina limetokana na "matunda ya kwanza". Mababu wa Wamarekani Weusi walio wengi walichukuliwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, kwa hiyo Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani kwao. Waanzilishi wa Kwanzaa walikichagua, kwa kuwa ni lugha ya Kiafrika isiyofungwa kwenye kabila moja. Nikamuuliza: bibi yako alizungumza nini jikoni? Kisukuma, akasema. Basi na wewe Kiswahili umekipokea kwa sababu hiyohiyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi wanaoandaa usiku wa tamaduni. Wali wa nazi, ngoma na maonyesho ya mavazi nayapenda sana, na kanga zangu huwa natoa. Lakini mtu anaweza kula, kucheza na kurudi bwenini bila kumjua aliyekaa naye. Kicheko kile kilikuwa na thamani kuliko sahani zote za usiku ule, maana kilifichua jambo linalouma: Mwafrika anayedhani mwenzake anaigiza, na Mmarekani Mweusi anayehisi kukataliwa na watu aliotamani kuwaita ndugu.

Wiki iliyofuata niliwakutanisha, watu kama kumi, chai na mandazi. Kanuni ilikuwa moja: hakuna anayesemea bara zima wala rangi nzima, kila mtu aseme ya kwao. Kijana wa Mwanza alieleza jinsi alivyojaza fomu alipofika, akakuta kisanduku cha "Mweusi au Mwamerika Mwafrika", akakaa nacho dakika nzima. Kwao alikuwa Msukuma, Mkatoliki, mtoto wa mwalimu. Rangi hakuwahi kuulizwa. Binti akamjibu kwamba yeye hajawahi kupata siku ya kutoulizwa.

Mwaka uliofuata binti alimwomba kijana awashe mshumaa wa nguzo ya nne, Ujamaa. Katika Kwanzaa neno hilo ni ushirika wa kiuchumi: kujenga maduka na biashara zetu wenyewe na kufaidika pamoja. Kijana alisimama na kiberiti mkononi, akasema kwanza ana maneno. Neno hilo Nyerere alilinadi tangu 1962, na kwao lilileta shule na zahanati. Lakini wakati wa Operesheni Vijiji, katikati ya miaka ya 1970, bibi yake alihamishwa kwa amri kwenda kijiji cha ujamaa, akaacha miembe aliyoipanda mwenyewe.

Ukumbi ulikuwa kimya. Binti akauliza kutoka mbele, "Alirudi?"

"Hakurudi. Ila alipanda mingine."

Kisha akawasha kiberiti.